Steven Kanumba: kijana wa Shinyanga aliyeingiza filme za Kiswahili katika nyumba zetu

LUBUMBASHI – Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, mchezaji na muongozaji wa filme Steven Charles Kanumba alifariki dunia katika nyumba yake ya Sinza, muji wa Dar es Salaam, Tanzania. Ilikuwa siku kati ya Ijumaa Kuu na Pasaka. Alikuwa na miaka 28 tu.

Hapa kwetu Lubumbashi, na vilevile Kalemie, Uvira, Bukavu na Goma, watu wengi walimlilia kama mtoto wa jirani. Sura yake waliizoea sana. Walikuwa wamemuona akiwa tajiri, maskini, mchungaji, bwana aliyesalitiwa, mjomba mwenye kuchekesha. Na juu ya yote, walikuwa wamemusikia akisema Kiswahili. Kwa mama wa Katuba ao kijana wa Ruashi asiyefuata vizuri Kifaransa cha filme za Ulaya, jambo hilo halikuwa dogo.

Maisha yake yalikuwa mafupi, lakini yanatufundisha namna filme za lugha yetu zilivyopata soko bila sinema kubwa, bila feza ya serkali, na bila kungojea ruhusa ya mtu. Yanatuonyesha pia sababu gani soko hilo lilikuwa na miguu myepesi.

Mtoto wa inchi ya machimbo

Kanumba alizaliwa tarehe 8 Januari 1984 huko Shinyanga, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, katika inchi ya Wasukuma. Baba yake alikuwa Charles Kanumba, na mama yake Flora Mtegoa. Alianza masomo kwenye shule ya msingi ya Bugoyi, palepale Shinyanga, kisha akaingia sekondari ya Mwadui.

Mwadui ni muji wa almasi. Mwaka 1940, mtaalamu wa mawe kutoka Canada, John Williamson, aliigundua almasi pale, na tangu siku hizo maisha ya sehemu ile yalizunguka kampuni. Kazi, nyumba, shule na hata matibabu vilitoka kwa machimbo. Msomaji wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi hahitaji kuelezwa maisha ya namna hiyo. Mtoto anayekua karibu na machimbo anajua mapema kwamba kuna watu wanaochimba mali na kuna wengine wanaoiuza, na kwamba feza nyingi inabaki kwa wale wa pili. Kanumba angekuja kulikuta jambo hilohilo mbele yake katika kazi ya filme.

Toka Mwadui alihamia Dar es Salaam, karibu kilometa 1.000 toka kwao. Aliendelea na masomo ya sekondari kwenye Dar Christian Seminary, kisha akamalizia miaka ya mwisho Jitegemee. Mchezo wa kuigiza ulikuwa umekwisha kumuingia tangu utoto. Wengi waliosoma naye walitafuta kazi za ofisi. Yeye alitafuta watu wenye kuigiza.

Mwanzo kwenye televizyo

Kwa kuelewa nafasi aliyoipata, inafaa kukumbuka hali ya wakati ule. Tanzania bara haikuwa na televizyo mpaka mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini watu wa Dar es Salaam, Mwanza ao Shinyanga walikua na radio. Wakati televizyo za watu binafsi zilipoanza, zilihitaji vitu vya kuonyesha, na vya kutoka ngambo havikutosha. Watazamaji walitaka kuona nyumba kama zao na kusikia ugomvi wa mabibi na mabwana katika lugha yao.

Makundi ya mchezo wa kuigiza yakajibu hamu hiyo. Moja lililojulikana sana ni Kaole Sanaa Group, ambalo michezo yake ilipita kwenye ITV. Kanumba aliingia Kaole mwaka 2002, akiwa na miaka 18. Alionekana katika michezo ya mfululizo kama Jahazi, Dira, Zizimo, Tufani, Sayari, Taswira na Gharika. Kila juma watu walikaa mbele ya televizyo kungoja waone yatakayotokea. Humo ndimo jina lake lilipoanza kutajwa barabarani.

Kaole ilikuwa kama shule. Walipita humo pia Vincent Kigosi, anayeitwa Ray, na Blandina Chagula, anayeitwa Johari, ambao walikuja kuwa na kampuni yao wenyewe ya filme. Hawakuwa na chuo cha sinema, wala mashine za bei kubwa. Walijifunza kwa kucheza, kukosea na kucheza tena. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini walipata kitu ambacho feza hainunui: watazamaji waliowajua kwa sura na kwa jina.

Sisi wa Lubumbashi tulikuwa na mfano wetu wa kazi kama hiyo. Kundi la Mufwankolo lilikuwa limechekesha na kufundisha watu kwa Kiswahili cha kwetu, kwanza kwenye radio, kisha kwenye televizyo. Mchezo wake ulijulikana katika kila komini. Lakini kutoka kwenye mchezo wa televizyo na kufika kwenye filme inayouzwa sokoni ni hatua nyingine. Hatua hiyo Watanzania waliifanya karibu na mwaka 2003, na Kanumba alikuwa katika kizazi cha kwanza kilichoikimbilia.

Njia ya Lagos

Wakati ule, filme zilizotawala masoko ya Afrika zilitoka Nigeria. Tangu mwaka 1992, ilipotoka Living in Bondage, wafanyabiashara wa Lagos walikuwa wamegundua jambo moja la maana: filme haina lazima ya kuonyeshwa katika jumba la sinema. Unaweza kuipiga kwa kamera ndogo ya video, kuitia katika kaseti ao diski, na kuiuza sokoni kama sabuni. Watu wataiangalia nyumbani, pamoja na majirani. Majumba ya sinema yaliyofungwa hayakuwa tena kizuizi.

Dar es Salaam waliangalia filme za Nigeria, wakazipenda, na wakajiuliza kwa nini wao wasifanye. Kanumba alikwenda mbali kuliko kujiuliza. Mwaka 2006 alicheza katika Dar to Lagos, filme ya kampuni ya Game 1st Quality iliyoongozwa na Femi Ogedegbe, Mnigeria, na ambamo alikutana na Mercy Johnson, mmoja wa wachezaji wakubwa wa Nigeria. Jina la filme lilieleza safari yenyewe: toka Dar mpaka Lagos.

Kazi hiyo ilimfungua macho kwa mambo mawili. La kwanza, aliona ginsi Wanigeria wanavyofanya kazi: kwa haraka, kwa mpango wa siku chache, kila mtu akijua nafasi yake. La pili, aliona kwamba nyota wa filme anaweza kuwa yeye mwenyewe kitu kinachouzwa. Mnunuzi aliyesimama mbele ya meza ya diski hakusoma jina la kampuni. Alitafuta sura. Tangu pale Kanumba alichunga sura yake, mavazi yake na jina lake kama mfanyabiashara anavyochunga mali yake. Alijiita Kanumba The Great, na hilo likawa pia jina la kampuni yake ya filme.

Kuna waliosema ni majivuno. Pengine yalikuwemo. Hata vile, katika biashara ambamo mwandishi na mchezaji walikuwa watu wa mwisho kulipwa, jina kubwa lilikuwa silaha yake peke yake.

Mchezaji, mtunzi, muongozaji

Miaka iliyofuata alifanya kazi bila kupumzika. Zilitoka The Lost Twins, Fake Pastors na Red Valentine. Mwaka 2008 ilitoka Oprah, ambamo alicheza pamoja na Ray na Irene Uwoya, na ambayo wengi wanaihesabu kati ya filme zilizoimarisha jina lake. Mwaka 2010 zilifuata Young Billionaire, This Is It na Uncle JJ. Mwaka 2011 zikaja The Shock, Deception na Devil Kingdom.

Katika miaka hiyo hakubaki mchezaji tu. Aliingia katika utunzi wa hadithi, akaongoza upigaji wa picha, akatoa filme kwa jina la kampuni yake. Mtu anayetoka Kaole, ambako kazi yake ilikuwa kusimama pale alipoambiwa, sasa alikuwa yeye wa kuwaambia wengine pa kusimama.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Filme moja ilipigwa katika siku chache, mara nyingi majuma mawili. Picha zilipigwa katika nyumba za watu, katika hoteli, ndani ya gari, barabarani. Jumba la kifahari lilikodiwa ao liliombwa kwa rafiki. Kisha hadithi iligawanywa sehemu mbili, na kila sehemu ikauzwa na diski yake. Aliyenunua ya kwanza alilazimika kurudi kununua ya pili. Ndiyo sababu filme nyingi za wakati ule zilikatika katikati ya ugomvi, mlango unafunguliwa, mama anapiga kelele, na maandishi yanapanda.

Jambo moja lililomtofautisha Kanumba ni namna alivyowapa watoto nafasi. Katika filme kama Uncle JJ na This Is It aliwaweka watoto wawili mbele ya kamera, wakicheza naye kama watu wazima, na wao pia wakawa maarufu. Katika biashara iliyojaa mapenzi na usaliti, hilo lilimpa watazamaji wapya: familia nzima. Baba aliweza kukaa na watoto wake mbele ya televizyo bila kutafuta sababu ya kuwafukuza chumbani.

Jambo la pili ni kwamba hakuacha kutafuta watu wa ngambo. Katika Devil Kingdom alimualika Ramsey Nouah, nyota wa Nigeria, acheze naye. Mwaka 2006 Dar ndiyo iliyokwenda kutafuta jina Lagos. Mwaka 2011 Lagos ilikuja kufanya kazi katika filme ya kijana wa Shinyanga.

Jambo la lugha

Msomaji atakuwa ameona kwamba majina ya filme zake karibu yote ni ya Kiingereza, na hali maneno yanayosemwa ndani ni ya Kiswahili. Hiyo ilikuwa desturi ya filme za Bongo, kama wanavyoziita, Bongo likiwa jina la mtaani la Dar es Salaam na la Tanzania yenyewe. Jina la Kiingereza lilifikiriwa kuwa linauza. Chini ya picha waliweka pia maandishi ya Kiingereza, ambayo mara nyingi yalikuwa na makosa mengi.

Lugha hiyohiyo ilimletea Kanumba aibu mbele ya watu. Mwaka 2009 alialikwa kama mgeni katika nyumba ya Big Brother Africa, mchezo wa televizyo uliotazamwa katika inchi nyingi. Kule alitakiwa kusema Kiingereza mchana kutwa, na Kiingereza chake hakikuwa laini. Kwao Tanzania watu walimcheka katika magazeti na mitandaoni. Mtu aliyejaza masoko kwa Kiswahili alihukumiwa kwa lugha ambayo haikuwa yake. Hakujificha. Alijitetea mbele ya watu, na aliendelea na kazi.

Kwetu hapa, jambo hilo lina uzito wake. Filme kubwa za Congo ambazo dunia inazijua zilisema lugha nyingine. La Vie est belle ya mwaka 1987, ya Mweze Ngangura na Benoît Lamy, ni filme ya Kinshasa. Viva Riva! ya Djo Munga, ya mwaka 2010, inasema Lingala na Kifaransa. Ngangura mwenyewe ni mtoto wa Bukavu, na filme yake Pièces d'identités ilipata zawadi kubwa ya Fespaco, Ouagadougou, mwaka 1999. Ni kazi za kutupa heshima. Lakini mkaaji wa Kenya ao wa Kamalondo aliyetaka kukaa jioni na kusikia filme ndefu katika lugha anayoota nayo, aliipata kwa wingi kutoka Dar es Salaam.

Kweli, Kiswahili chao na chetu si kimoja. Wao wanasema gari, sisi motoka. Wao baiskeli, sisi kinga. Wao wanaamkia wazee kwa shikamoo, salamu isiyozoeleka kwetu. Hata vile watu walifuata hadithi. Watoto waliokota maneno mapya kwenye filme wakaenda kuyatumia katika michezo yao, na wazazi wakacheka. Bila mwalimu na bila kitabu, filme hizo zilifundisha watu wa pande zote za mpaka kwamba wanaelewana kuliko walivyofikiri.

Toka Kariakoo mpaka Lubumbashi

Namna gani filme hizo zilitufikia? Zilipita njia ya vitu vingine vyote. Toka bandari ya Dar es Salaam, makamio yanapanda mpaka Tunduma, yanaingia Zambia, yanashuka Kapiri Mposhi, yanapita Copperbelt na kufika Kasumbalesa, kisha Lubumbashi. Ni karibu kilometa 2.000. Katika njia hiyo vinapita vitambaa, mafuta, vipuri na sukari. Diski ni nyepesi, haina harufu, na inaingia katika mfuko wa shati.

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo la kazi ya Kanumba na la wenzake wote. Mara nyingi mtu aliyetengeneza filme aliuza haki yake yote kwa msambazaji kwa bei moja. Alipokea feza yake mara moja, akalipa wachezaji, akalipa mwenye nyumba, na kilichobaki kilikuwa chake. Baada ya pale, iwe ziliuzwa diski elfu kumi ao laki moja, yeye hakupata kitu tena. Nguvu ya filme ilipimwa kwa kelele za barabarani, na kelele hazilipi kodi ya nyumba.

Na juu ya hilo kulikuwa na wezi wa kazi. Mtu mwenye ordinateri moja na diski tupu aliweza kutoa nakala usiku kucha. Diski moja ikabeba filme kumi, ikauzwa kwa bei ndogo kuliko filme moja ya kweli. Tanzania ilikuwa na sheria ya haki za watunzi tangu mwaka 1999, na ofisi ya kuilinda, COSOTA. Lakini sheria ya Tanzania haikuwa na mkono wa kufika kwenye meza ya muuza diski wa Lubumbashi. Tuseme ukweli: wengi wetu tuliompenda Kanumba tulimpenda kwa diski ambazo hazikumletea hata franga moja.

Yeye alijua. Kuwa na kampuni yake mwenyewe kulikuwa njia ya kushika kazi tangu hadithi inapoandikwa mpaka filme inapomalizika. Kule kwenye mauzo hakuwa na nguvu hiyo. Alitafuta feza pia nje ya filme, kwa kutangaza kampuni za biashara, na mwaka 2011 alikubali kuwa balozi wa kampeni ya shirika la Oxfam juu ya chakula na wakulima wadogo.

Waliomkosoa

Si kila mtu aliyeheshimu filme hizo. Wasomi wa Dar es Salaam na waandishi wa magazeti walisema zinaiga Nigeria mno: majumba makubwa, magari mazuri, wachawi, wachungaji wa uongo, ndoa zinazovunjika kwa sababu ya mali. Walisema sauti ni mbaya, picha zinakawia, hadithi zinarudia zile zile. Waliuliza wapi maisha ya mkulima wa Shinyanga, ao ya mchimbaji wa Mwadui.

Lawama hizo zilikuwa na haki yake. Kanumba alikuwa mtoto wa mkoa wa almasi, lakini kamera yake ilipenda zaidi sebule za matajiri wa Dar es Salaam. Filme iliyopigwa kwa majuma mawili haiwezi kuwa na subira ya filme iliyopewa miaka miwili na feza ya Ulaya. Lakini inafaa kuuliza pia nani angelipia ile ya miaka miwili, na nani angeiona. Filme nyingi za Afrika zinazoshinda zawadi zinatembea toka festivali mpaka festivali, na mama wa sokoni hazioni. Zile za Kanumba zilikuwa na makosa yake, na mama wa sokoni alizijua kwa majina.

Usiku wa mwisho

Mwanzoni mwa mwaka 2012 alikuwa juu kabisa. Kisha ukaja usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Aprili. Katika chumba chake cha Sinza, sehemu inayoitwa Vatican, kulitokea mabishano kati yake na Elizabeth Michael, anayejulikana kama Lulu, mchezaji kijana aliyekuwa ameanza kazi akiwa mtoto. Kanumba alianguka, akapoteza fahamu. Alipofikishwa hospitali ya Muhimbili, alikuwa amekwisha kufariki.

Habari ilitapakaa kabla ya magazeti kuchapwa. Watu walijaa mbele ya nyumba yake, na Rais Jakaya Kikwete alikwenda kuwapa pole wafiwa. Tarehe 10 Aprili, siku ya Jumanne, ibada ya maziko ilifanyika kwenye viwanja vya Leaders Club. Walihesabiwa watu zaidi ya elfu 30. Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal alikuwepo, na mke wa Rais, Mama Salma Kikwete. Watu walizimia kwa joto na kwa kilio. Alizikwa kwenye makaburi ya Kinondoni.

Kesi ilichukua miaka. Mwezi wa Novemba 2017, Mahakama Kuu ya Dar es Salaam ilimkuta Elizabeth Michael na hatia ya kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 2. Mwaka 2018 alitolewa gerezani ili amalizie azabu yake kwa kazi za jamii. Kesi hiyo iligawa watu wengi, na mpaka leo kuna wanaobishana juu yake. Mahakama ilisema neno lake, na kila upande ulibaki na huzuni yake.

Alichoacha

Filme zake hazikusimama pamoja naye. Ndoa Yangu, na kisha Love and Power, zilifika kwa watazamaji wakati yeye yuko kaburini. Watu waliziangalia kwa namna nyingine, wakisimamisha picha kumtazama vizuri.

Lakini soko lenyewe lilianza kulegea. Wengi katika kazi hiyo wanahesabu kifo chake kuwa mwanzo wa kushuka. Sababu hazikuwa moja. Nakala za wizi zilizidi. Filme za India, Marekani na Asia zilianza kuuzwa na sauti ya mtu anayezitafsiri kwa Kiswahili, kwa bei ndogo, na Lubumbashi pia zikapendwa. Kisha simu na intaneti vikaiua diski. Biashara iliyokuwa imesimama juu ya sura za watu wachache ilionekana kuwa haina nyumba wala msingi. Ilipoondoka sura moja kubwa, paa lilitetemeka.

Hapo ndipo maisha ya Kanumba yanatugusa sisi. Lubumbashi leo ina vijana wenye kamera, wengine waliofundishwa katika kituo cha Picha, ambacho mikutano yake ya picha ilianza mwaka 2008. Congo ina shirika la haki za watunzi, SOCODA, tangu mwaka 2011. Simu moja inaweza kupiga filme nzuri kuliko kamera aliyoitumia Kanumba akianza. Wanachokosa vijana wengi ni kile alichokuwa nacho yeye: imani kwamba hadithi ya nyumbani, kwa lugha ya nyumbani, inatosha kumfanya mtu wa mbali atoe feza mfukoni.

Na wanaweza kujifunza pia kwa kile alichokosa. Kuandika mkataba kabla ya kupiga picha. Kutouza haki yote kwa bei ya siku moja. Kuandika jina la mtunzi pale linaposomeka. Kufundisha wengine, ili kazi isizikwe pamoja na mtu mmoja. Na kuonyesha yale ambayo filme za Dar es Salaam hazikuonyesha: mchimbaji, mama wa soko, mwanafunzi anayengoja umeme ili asome.

Kanumba alifanya kazi ya filme kwa miaka kumi tu, toka 2002 mpaka 2012. Alianza kwa kuigiza mbele ya kamera ya televizyo ya watu wengine, akaishia na kampuni yenye jina lake. Kaburi lake liko Kinondoni, na diski zake za zamani bado ziko katika masanduku ya nyumba nyingi za Lubumbashi, nyingine zimekwaruzika zisichezeke tena.